Protini Iliyopotea Kati ya Iringa na Mbeya

Siku niliyokabidhi ufunguo wa kabati la visu, mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani nitakayoikumbuka kuliko zote. Nikamjibu kwamba ni ile ya Mchochezi na Mfutaji. Akacheka, maana hakuwepo wakati ule, akadhani nasimulia kesi ya polisi. Ndiyo sababu nimeketi kuandika. Nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye benchi la tishu hapa Mbeya, pamoja na wenzenu wa Iringa mnaotutumia sampuli. Vyeo nitaviruka, na mshahara nitauruka. Hayo yamo kwenye faili langu, na anayeyataka aende masjala akapange foleni kama nilivyopanga mimi.

Nilianza kazi Iringa, nikitokea nyumbani Kilolo na cheti kipya cha maabara na koti jeupe lililonipwaya mabegani. Siku ya kwanza nilitegemea kupewa hadubini. Nilipewa makopo. Wakati ule hospitali yetu haikuwa na vifaa vya kusoma tishu, kwa hiyo kila kipande cha nyama alichokitoa daktari wa upasuaji kilipaswa kusafiri hadi Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kukitia kwenye kopo la fomalini, ile dawa kali inayoigandisha tishu ibaki jinsi ilivyo, kujaza fomu, kufunga kopo, kisha kulipeleka stendi asubuhi lipande basi. Mwaka wangu wa kwanza katika sayansi niliutumia kubishana na makonda.

"Bwana mdogo, hicho kidude chako kinatoa watu machozi," konda mmoja aliniambia mbele ya abiria wake. "Hawa wanaenda harusini Mbeya. Unataka wafike kama wametoka msibani?"

Siku nyingine kopo lilivuja juu ya gunia la unga la mama mmoja aliyekuwa akishukia Mafinga. Yule mama alinitolea maneno ya Kihehe ambayo sitayaandika, kwa kuwa wajukuu zangu wanajua kusoma. Baada ya hapo nikabuni utaratibu wangu mwenyewe wa kufungasha. Makopo hayakuvuja tena, makonda wakatulia, na mganga mkuu akanisifu mbele ya wenzangu. Nilikuwa kijana. Nilisifiwa nikaamini.

Miaka michache baadaye nikahamishiwa Mbeya, upande ule ambako makopo yalikuwa yakishukia. Huko nilimkuta Mzee Mwaisaka, fundi sanifu wa tishu, Mnyakyusa mrefu asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kipande cha tishu huondolewa maji, hujazwa nta, hugandishwa kuwa kibonge, kisha hukatwa kwa mashine yenye gurudumu na kisu hadi upate utepe mwembamba unaoelea juu ya maji ya vuguvugu. Utepe huo hunaswa kwa kioo, hutiwa rangi, na ndipo daktari wa tishu hutazama na kusema ugonjwa ni nini. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya Mbeya huifanya nta ikatike kama biskuti. Mzee Mwaisaka aliinama juu ya kibonge, akakipulizia pumzi mara moja, akazungusha gurudumu, na utepe ukatoka mzima. Nilijaribu siku kumi na mbili kabla ya kupata wangu. Alipouona alisema, "Haya, kanywe chai," na kwa desturi yake hiyo ilikuwa hotuba.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Kila kopo lilipoingia aliuliza, "Hii imetoka mwilini saa ngapi?" Nilikuwa namsomea fomu. Fomu ilikuwa na tarehe tu, haikuwa na saa. Alikuwa akiguna, anaendelea na kazi. Alistaafu akiguna hivyo hivyo, na mimi nikakaa kwenye kiti chake bila kujiuliza alikuwa akigunia nini.

Kazi ngumu zaidi zilikuwa za mapafu. Kutoka Chunya walikuja wachimbaji wadogo wa dhahabu, watu waliovuta vumbi la mawe miaka mingi na sigara juu yake. Mtu anakohoa, anapewa dawa za kifua kikuu, anamaliza dozi, anakohoa tena, anapewa nyingine. Kipande kinafika kwetu wakati mwenye kipande amebaki mifupa. Daktari anatazama kioo, anavua miwani, anaandika saratani. Nimepeleka majibu mengi ya aina hiyo, na sijawahi kuzoea kuyabeba.

Hapo ndipo alipoingia Daktari Atupele, binti wa Tukuyu, aliyekuja kwetu kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu juu ya uvimbe wa mapafu. Alikuja na friji la baridi kali, masanduku ya dawa, na kicheko kilichosikika hadi chumba cha damu. Mimi aliniita baba tangu siku ya kwanza, lakini alinikagua kama askari wa forodha.

"Baba Kikoti, nasikia wewe ndiye mwenye mkono hapa."

"Inategemea nani kakwambia."

"Wewe mwenyewe umeandika kwenye kabati: asiguse mtu."

Nilimwomba anieleze kwa Kiswahili cha kawaida alikuwa anatafuta nini. Akaanza. Ndani ya seli, protini hazikai daima. Seli huziunda, huzitumia, kisha huziondoa. Ile inayotakiwa kuondolewa hubandikwa alama, nayo alama yenyewe ni protini ndogo iitwayo yubikwitini. Aliponiona nimekodoa macho, akanivuta hadi dirishani na kunionyesha nyumba za kando ya barabara kuu, zile zilizopigwa X nyekundu ili zipishe upanuzi.

"Unaziona zile, baba? Seli nayo ina watu wake wa barabara. Vimeng'enya vinapita vinapiga X. Halafu linakuja tingatinga, linabomoa."

"Na mwenye nyumba akiifuta ile X?"

Alinitazama kama nimemjibia mtihani. "Basi wewe umeshaelewa thesisi yangu yote."

Ndivyo ilivyokuwa. Ipo protini moja, kwenye vitabu inaitwa Myc, ambayo kazi yake ni kuihimiza seli igawanyike. Kwenye seli nzuri inaundwa, inahimiza kidogo, inapigwa X na kubomolewa ndani ya muda mfupi sana. Sisi kwenye benchi tuliipa jina la Mchochezi. Kwenye baadhi ya uvimbe wa mapafu Mchochezi anajaa hadi pomoni. Atupele aliamini kwamba si kwa sababu anaundwa kwa wingi kupita kiasi. Ni kwa sababu kipo kimeng'enya kinachopita nyuma ya watu wa barabara kikifuta X. Hicho tulikiita Mfutaji. Akiwa sahihi, anayetaka kumwondoa Mchochezi hahitaji kumkamata mwenyewe, jambo ambalo wataalamu wameshindwa miaka mingi. Anahitaji kumzuia Mfutaji, na tingatinga la seli litafanya mengine.

Nilikata vibonge, nikatia kingamwili zinazomng'ang'ania kila mmoja wao, na pale alipokuwepo rangi ya kahawia ikatokea. Kwenye sampuli za Mbeya mambo yalikwenda kama alivyotabiri. Palipo na Mfutaji mwingi, Mchochezi alikuwa mwingi. Tukafurahi. Kisha tukafika kwenye sampuli za Iringa, ambako daktari bingwa wa kifua alikuwa akienda kufanya upasuaji kila baada ya wiki mbili. Mfutaji alikuwepo, kahawia tupu. Mchochezi hakuwepo. Kioo baada ya kioo, hakuna kitu.

Profesa aliyemsimamia Atupele yuko chuo cha mbali, tulikuwa tunamwona kwenye kompyuta tu. Ni mtu mkavu lakini wa haki. Alitazama picha zetu akasema kwamba wazo linalofanya kazi mkoa mmoja na kukataa mkoa wa jirani halijawa wazo. Bila Iringa sampuli hazitoshi. Pasipopatikana maelezo hadi mwisho wa mwezi, utafiti ufungwe, na friji na dawa vipelekwe kituo kingine.

Atupele hakulia mbele yangu. Alikunja koti lake mara nne, akaliweka mezani.

"Miaka mitatu, baba. Na wale wagonjwa nimewaangalia usoni nikawaambia kipande chako hakitapotea bure."

"Wiki tatu zimebaki."

"Za kufanya nini?"

"Sijui. Lakini Wahehe hawajaacha kuwa na saratani kama ya watu wengine. Kuna kitu njiani."

"Wahehe ni wabishi," alisema. "Labda hata protini zenu zinabisha."

Nikajua bado ana uhai.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Iringa nikiwa na daftari na kalamu mbili. Nilikusudia kulifuata kopo moja kutoka mkononi mwa daktari hadi kwenye benchi langu, nikiandika kila saa na kila mkono uliolishika. Kusema kweli, nilikwenda kumtafuta mkosaji, na nilikuwa nimeshamchagua konda.

Chumba cha upasuaji cha Iringa kilikuwa chini ya Sista Luvanda, tuliyeanza naye kazi mwaka mmoja. Alinipokea mlangoni.

"Kamwene, kaka Kikoti! Umekuja kutukagua au kula?"

"Kamwene, Sista. Vyote viwili."

Nililala Iringa, na kesho yake daktari bingwa alitoa uvimbe wa pafu saa nne kasorobo. Niliandika. Sista akaupokea, akauviringisha kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, iliyoloweshwa maji ya chumvi, yale ya dripu, akautia kwenye kopo kavu, akaliweka rafuni. Ukakaa hapo hadi upasuaji wa mwisho ulipokwisha, saa tisa. Kisha akalihamishia kopo kwenye friji.

"Na fomalini?" nikauliza.

"Kesho asubuhi, kabla ya stendi. Kidogo tu, iloweshe."

"Kesho! Sista, nani kakufundisha hivi?"

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize mzaha. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya mlango wa stoo. Ukutani palikuwa na karatasi ndani ya plastiki iliyogeuka manjano. Iliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa zilizonyooka: *Sampuli zilale kwenye gozi ya maji ya chumvi. Fomalini itiwe asubuhi ya safari, kiasi kidogo, ili kopo lisivuje wala kunuka ndani ya basi.* Chini yake palikuwa na sahihi yangu.

 Ule ndio utaratibu niliosifiwa.

"Tunaufuata kama amri kumi," Sista alisema. "Kila mwanafunzi anayekuja namleta hapa anausoma kwa sauti. Kuna tatizo?"

Nikamwambia lipo, na kwamba ni langu, wala si lake. Sikupata namna nyepesi ya kulieleza, basi nikachukua kilicho karibu. Nikamuuliza ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, ukigemwa asubuhi unakuwaje.

"Mtogwa. Mtamu, hata mtoto anakunywa."

"Na ukiuacha hadi jioni ya kesho yake?"

"Mkangafu. Huo umwachie baba yangu."

"Nani kauongezea kitu?"

"Hakuna. Unajichachia wenyewe."

"Na kile kipande ni hivyo hivyo. Kimekatwa, lakini kazi ndani yake haijasimama. Protini zinapigwa X kama nyumba za kando ya barabara, tingatinga linabomoa, na kiwanda cha kuunda protini mpya kinafifia kwa sababu damu haiji. Friji inapunguza kasi tu. Fomalini ndiyo inayosimamisha kila kitu palepale. Mimi nimeiambia Iringa nzima iitie kesho."

Sista Luvanda akafungua mlango wa stoo, akabandua ile karatasi pamoja na plasta zake, akanipa mkononi. "Basi andika nyingine. Na safari hii uandike na sababu, ili nasi tujue tunatii nini."

Nikaandika nyingine nikiwa nimesimama. Fomalini ndani ya dakika tano, mara kumi ya ukubwa wa kipande. Saa ya kutoka mwilini iandikwe, na saa ya kuingia kwenye dawa iandikwe. Makopo mawili, moja ndani ya jingine, ili konda asipate la kusema. Wazo hili la makopo mawili lingeweza kunijia pia nikiwa kijana, lakini halikunijia.

Kuna swali lililoninyima raha njia nzima ya kurudi, nami nalitaja kwa sababu mtajiuliza. Je, kuna mgonjwa niliyemuumiza? Daktari wetu wa tishu alivirudia vioo vya zamani vya Iringa. Majibu yalisimama, kwa kuwa umbo la seli hukaa muda mrefu kuliko protini zenye maisha mafupi, na wakati ule umbo ndilo tulilokuwa tukisoma. Nilishukuru. Hata hivyo nilielewa Mzee Mwaisaka alikuwa akigunia nini miaka yote ile.

Atupele aliisoma ile karatasi ya manjano kutoka juu hadi chini. Akaangalia sahihi. Akaniangalia.

"Baba, ni wewe?"

"Ni mimi."

Alicheka hadi akakaa chini, kisha akakasirika, kisha akasimama na kuanza kuchora mezani. "Hii haitoshi kumwambia profesa," alisema. "Atasema tunajitetea. Lazima aone Mchochezi akifa kwa macho yake. Na lazima aone ni Mfutaji anayemweka hai."

Tulihitaji uvimbe mbichi, ulio hai bado. Wiki hiyo alilazwa Mzee Sichalwe, mchimbaji wa zamani kutoka Chunya, aliyekuwa akisubiri kutolewa sehemu ya pafu. Atupele alikwenda kumwomba ridhaa ya kutumia kile kitakachobaki baada ya vipimo vyake. Nilikwenda naye kwa sababu mzee alitaka kumwona mtu atakayeshika kisu.

"Hebu nielezeni tena," alisema. "Huyo Mfutaji ni mdudu?"

"Hapana, babu. Ni kimeng'enya chako mwenyewe. Kila mtu anacho. Kwenye uvimbe kimezidisha bidii."

"Kumbe ni kama kibarua anayefanya kazi usiku kwenye shimo la mwenzake."

"Hasa."

"Na mkimzuia, mimi nitapona?"

Atupele hakuyumba. "Hapana, babu. Wewe utatibiwa kwa upasuaji na dawa zilizopo. Hii ni ya kujua, ili siku moja dawa ya namna nyingine itengenezwe."

Mzee akanigeukia. "Na wewe, mkono wako hautetemeki?"

Nikaunyoosha mbele yake. Akautazama kama mtu anayepima mawe, akaitisha kalamu, akatia sahihi.

Siku ya upasuaji nilisimama mlangoni pa thieta na chombo cha barafu. Kipande kilitoka saa tatu na dakika kumi, na saa tatu na robo kilikuwa kwenye benchi, ndani ya maji ya lishe. Hatukuwa na mashine ya kukata tishu iliyo hai. Tulikuwa na wembe mpya wa mashine ya nta na mkono wangu. Nilikizungushia jeli ili kisimame, nikakata vipande vyembamba kama kucha, vyote sawa, kwa sababu kimoja kikiwa kinene kuliko kingine hesabu yote inaharibika. Sikupuliza pumzi. Nadhani sikupumua kabisa.

Vipande vyote isipokuwa kimoja tuliviweka kwenye joto la mwili, tukavitia dawa inayofunga kiwanda cha protini, ili asiundwe Mchochezi mpya wa kutuchanganya. Aliyepo ndiye huyo huyo. Kundi la kwanza tuliliacha hivyo. Kundi la pili tuliliongezea dawa inayomfunga mikono Mfutaji. Kile kimoja nilikiviringisha kwenye gozi ya maji ya chumvi, sawasawa na karatasi yangu ya ujana, nikakiweka rafuni na kisha kwenye friji hadi kesho yake. Hicho kilikuwa changu binafsi.

Tulitoa kipande kila kundi mwanzoni, baada ya nusu saa, baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kila kimoja kikasagwa na kutunzwa kwenye baridi kali. Kesho yake protini zote zikatenganishwa kwenye jeli, zikahamishiwa kwenye utando, zikatiwa kingamwili. Palipo na Mchochezi patang'aa mstari, na palipo na Mfutaji patang'aa wake. Tuliweka pia safu ya protini nyingine isiyobadilika, kuhakikisha kila shimo la sampuli kwenye jeli limepata kiasi sawa, maana profesa angeanza na swali hilo.

Saa nane mchana picha ilianza kujitokeza kwenye kioo cha kompyuta. Kundi la kwanza: mstari mnene, kisha mnene kidogo, kisha wa wastani, kisha mwembamba lakini upo. Kundi la pili, lile ambalo Mfutaji amefungwa mikono: mstari mnene mwanzoni, na nusu saa baadaye kivuli. Saa moja, hakuna. Saa mbili, hakuna. Na kile cha gozi, hakuna kitu, huku mstari wa Mfutaji, asiyebomolewa upesi, ukiwa umekaa pale pale, mnene, kama ulivyokuwa kwenye kila sampuli ya Iringa.

Atupele aliweka kidole kwenye kioo. "Baba. Nusu saa tu."

"Naona."

"Bila Mfutaji, Mchochezi anamaliza nusu saa tu!"

"Naona, mwanangu. Toa kidole, unachafua kioo."

Profesa alipoonyeshwa picha aliikuza na kuanza kupima mistari mmoja mmoja. Nilitumia nafasi hiyo kumwambia wazi kwamba utaratibu wa Iringa ulikuwa wangu, kwa mwandiko wangu, na karatasi nikaiinua mbele ya kamera. Aliitazama. Kisha akasema neno moja: "Rudieni." Akatupa wiki sita zaidi, na akatuongezea sharti. Kama ni kweli Mchochezi anakufa kwa tingatinga, basi lizimeni tingatinga pia. Likizimwa, kumfunga Mfutaji kusiwe na athari yoyote; X zitajaa ukutani lakini nyumba itasimama. Na pili, alitaka sampuli mpya za Iringa, zilizowekewa dawa papo hapo. Zile za zamani zitengwe na zitajwe kwa ukweli.

Sharti la kwanza tulilitimiza kwa uvimbe wa wagonjwa wengine wawili walioridhia. Tulizima tingatinga, tukamfunga Mfutaji, na Mchochezi akasimama saa mbili zote bila kupungua, amejaa alama za kubomolewa asibomolewe. Atupele alicheza kidogo kati ya benchi na sinki, nami nikajifanya sijaona.

Sharti la pili lilikuwa mikononi mwa Sista Luvanda. Kopo la kwanza lilifika ndani ya kopo la pili, na fomu ikiwa na saa mbili zilizoandikwa kwa mwandiko wake: kutoka mwilini, saa tano na dakika nne, kwenye dawa, saa tano na dakika sita. Pembeni aliandika, *Kaka, dakika mbili.* Yakaja mengine, kila upasuaji, bila kukosa. Nilisubiri yatimie, nikayapitisha kwenye nta, nikayakata yote siku moja ili kusiwe na kisingizio, nikayatia rangi.

Nilimwachia Atupele aangalie kwanza. Aliinamia hadubini. Nikaona mgongo wake ukikaza, kisha ukilegea. Akaniachia kiti. Niliangalia. Mfutaji kahawia, na kwenye kioo cha pili, seli zile zile, Mchochezi kahawia, amejaa kila kiini. Nikabadilisha kioo. Kahawia. Nikabadilisha tena. Iringa yote ilikuwa kahawia.

Siku ya kikao cha mwisho tulikaa mbele ya kompyuta wote, na simu yangu niliiweka mezani ikiwa imempigia Sista Luvanda, asikilize. Atupele alipitisha picha moja moja, bila kupamba. Profesa aliuliza maswali tisa, niliyahesabu. Alijibiwa tisa. Akavua miwani, akafuta, akavaa.

"Andika," alisema. "Na Iringa iwemo."

Atupele alipiga kigelegele ambacho sijakisikia hata harusini kwetu. Watu wa chumba cha damu walitoka mbio wakiuliza nani kajifungua. Mimi nilichukua simu, na Sista Luvanda alikuwa akipiga kelele upande wa pili, "Kaka, kasemaje? Mnanipigia kelele tu, kasemaje?"

"Sista, vipande vyenu vimeingia."

 Nikamsikia ameitoa simu sikioni, anawaambia watu wake wa chumba cha upasuaji, "Vimeingia! Vyetu vimeingia!" Kisha vigelegele vya Iringa vikaja kupitia ile simu ndogo, vingi kuliko vyetu, nami nikaiweka katikati ya benchi, nikaongeza sauti hadi mwisho, ili kila mtu asikie.